Kipi kiko cherehani, kipi kiko mfukoni?

Barua za mwezi huu ni tatu, na ukizipepeta zote zauliza jambo moja: mtu anayetengeneza programu awaambie vipi watu anakokwenda, na awaambie kiasi gani. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Kosa lililo ndani yake nililifanya mimi mwenyewe zamani, na halijanitoka moyoni.

*

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Mikindani, hapa Mombasa. Tuko wanne na tumetengeneza programu ya simu kwa ajili ya tuktuk. Dereva akimaliza siku analipa hesabu kwa M-Pesa, na mwenye chombo anaona papo hapo imeingia ngapi na imebaki ngapi. Pia inamkumbusha siku ya bima na ya sevisi. Tunazo tuktuk 63, nyingi za Bamburi, Kisauni na Likoni.*

*Mwenyekiti wa chama cha wenye tuktuk ataka karatasi yenye tarehe: mwezi huu mtatoa hiki, mwezi ule kile. Bwana mmoja wa Nairobi anayefikiria kutia pesa ameomba mpango wa miaka mitatu. Mwenzangu ana jedwali la Excel lenye mambo 41 ya kufanya, lina rangi kama leso, na kila alionaye huuliza, "Langu liko wapi?" Madereva nao wamesikia kwamba tutaweka kifaa cha kuonyesha tuktuk iko wapi, na wiki iliyopita tisa wameifuta programu kwenye simu zao. Mwaka jana tuliahidi risiti za kuchapisha kufikia Oktoba. Mpaka leo hazijatoka, na mwenyekiti hutukumbusha kila kikao. Nichore vipi mpango huu, na niuseme vipi nisionekane mwongo?*

*Kijana wa hesabu, Mikindani*

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na madereva tisa. Mwenyekiti aweza kungoja, na bwana wa Nairobi aweza kungoja, lakini hawa wamekwishaondoka. Na wameondoka kwa habari waliyoisikia stegini, si kwenu. Nadhani mtu mmoja alilifungua lile jedwali mbele ya mwenye chombo, akaona mstari mmoja kati ya 41, akamwambia dereva wake jioni wakati wa kupokea hesabu. Ikawa kwamba jambo ambalo ninyi wenyewe hamjaamua kama mtalifanya, Bamburi nzima yalijua kama limekwisha.

Jiulize dereva anaogopa nini hasa. Watu wengi watakwambia anaogopa kuonekana amelala kivulini saa saba mchana. Hilo ni dogo. Anachoogopa ni kwamba mwenye chombo akiona safari zote za siku, akahesabu abiria waliobebwa usiku wa wikendi, kesho atapandisha hesabu. Leo dereva akifanya kazi nzuri ziada ni yake, nayo ndiyo karo ya watoto. Kifaa hicho chaweza kuigusa ziada hiyo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Basi nenda ukakae nao, wewe mwenyewe na si kwa ujumbe wa WhatsApp. Nenda saa nane au saa tisa, wakati kazi imepoa na watu wako chini ya mwarobaini. Waambie mmefikiria nini na kwa nini. Kama ni kwa ajili ya tuktuk zinazoibwa, sema hivyo. Waambie nani angeona, saa ngapi, na nani asingeona. Kisha waambie waziwazi jambo gani bado hamjaamua. Tena tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zinachukuliwa kwa ajili ya nini kabla hazijachukuliwa. Kwa hiyo kuwaeleza ni wajibu wenu, wala usiufanye uonekane ni hisani.

Kabla hujaenda, hata hivyo, kaeni ninyi wanne mjibu swali moja: mwenye chombo ataona safari, au hataona? Hili si swali la ufundi. Ni swali la mnakokwenda. Kama hamwezi kulijibu, shida yenu haimo kwenye jedwali wala kwenye tarehe. Hamjakubaliana programu hii ni ya nini.

Nakukumbusha M-Pesa ilivyoanza, maana wengi wamesahau. Majaribio ya mwaka 2005 yalikuwa ya mikopo: mtu aliyekopa kwenye taasisi ya mikopo midogo alipe kwa simu badala ya kufunga safari. Watu walipopewa chombo wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa ndilo shabaha. Waliosimamia wakaliona, na Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa umma haikutangazwa kama ya kulipia mikopo. Ilisemwa ni ya kutuma pesa nyumbani, basi. Kijana wa bandarini Kilindini na bibi yake kule Taita waliielewa siku ileile. Hapa kuna mambo mawili, na nataka uyashike yote mawili: mwelekeo ulibadilika kwa sababu ya walichofanya watumiaji, na ulipobadilika ulisemwa kwa maneno ambayo mtu aliweza kuyabeba mpaka kwao.

Sentensi yenu naona yaweza kuwa hivi: *hesabu isiyobishaniwa*. Dereva hasingiziwi kwamba hajalipa, mwenye chombo hadanganywi kwamba amelipwa. Kama ni hiyo, upime kila mstari wa jedwali kwayo. Kumbukumbu ya malipo imo. Kukumbusha bima, haya, yaweza kupita, kwani tuktuk iliyokamatwa haileti hesabu. Kifaa cha kufuatilia chombo hakimo. Labda kitaingia siku nyingine kwa mlango mwingine, lakini leo kinaleta ubishi mpya pale mlipoahidi kuumaliza. Uamuzi ni wenu. Mimi natoa rai tu.

Sasa nije kwenye kuchora.

Mama yangu alikuwa akishona nguo Kibokoni, za kike na za watoto, chumba cha mbele, cherehani ya miguu iliyotazama dirisha. Kuanzia Shaabani vitambaa vya Idi vilikuwa vikiingia kila siku, na vilikaa mahali patatu. Kimoja kilikuwa cherehani. Vichache vilikuwa vimekatwa, vimekunjwa juu ya kiti, kila kimoja kimepachikwa kikaratasi cha vipimo kwa pini. Vingine vyote vilikuwa kwenye mfuko mkubwa nyuma ya mlango. Mteja akiingia kuuliza, mama hakufungua daftari. Alimwonyesha tu kilipo. Cha cherehani: "Kesho baada ya alasiri njoo uchukue." Kilichokatwa: "Kabla ya kumi la mwisho kitakuwa tayari." Cha mfukoni: "Nimekipokea, sijakigusa. Nikikikata nitakwambia." Wapo walionung'unika, wapo waliochukua kitambaa chao wakaenda kwa fundi mwingine, naye aliwatolea kwenye mfuko bila kinyongo. Na suti za kiume hakuzipokea kabisa. Hakusema tutaona. Alisema, "Hizo sishoni."

Miaka mingi baadaye nilipoingia kazi hii nilikuta watu wa programu wana mchoro wa namna hiyohiyo. Umeenezwa na Janna Bastow, mmoja wa waanzilishi wa ProdPad, programu ya kupangia kazi za bidhaa: safu tatu, cha sasa, kinachofuata na cha baadaye, na kadiri unavyokwenda mbele maelezo yanapungua. Nilipouona nilicheka peke yangu, kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeuona Kibokoni kabla sijajua kusoma.

Chukua basi yale 41. Cherehani yaingie mawili, si zaidi, maana mko wanne na mmoja wenu lazima apokee simu za madereva. Kwenye kiti yakae manne au matano. Mengine yote yatie mfukoni, na usiyapange kwa namba, kwa sababu kupanga la 17 na la 18 ni kupoteza mchana. Lakini unapoyahamisha, yaandike upya. Usiandike "risiti za kuchapisha". Andika taabu iliyomfanya mtu aziombe, na nani aliyeziomba. Nina hakika nusu ya yale 41 yatayeyuka hapo, kwa kuwa utakuta matano ni taabu moja iliyoombwa kwa midomo mitano.

Tarehe sasa. Najua zinakukera, na najua zinahitajika. Tazama mji wetu unavyojiandaa kwa Idi. Mji mzima hupanga kwa ajili ya siku ambayo hakuna aijuaye mpaka mwezi uandame. Ramadhani yaweza kuwa siku 29, yaweza kuwa 30. Hata hivyo hakuna anayekaa bure akisema kwa kuwa tarehe haijulikani hapangi. Watu hupanga kwa mfuatano. Kitambaa mapema, kwa sababu fundi ana foleni. Mapazia na mazulia katikati. Nyama na mboga usiku uleule mwezi ukionekana, na hakuna anayemwita muuza nyama mwongo kwa sababu hakutaja tarehe. Kila mtu ajua kinangoja nini.

Basi kilicho cherehani kipe tarehe, na uitimize. Kilichokatwa kipe majira: kabla ya mvua za masika, baada ya shule kufunguliwa. Cha mfukoni kipe sharti tu. "Tukishafikisha tuktuk 150 ndipo tutafikiria hili." "Madereva wakilikubali jaribio la Likoni ndipo tutalipeleka Kisauni." Sharti ni jibu la kweli, nalo mwenyekiti aweza kulifuatilia mwenyewe.

Na maadamu nimetaja majira: usitoe mabadiliko makubwa kwa madereva kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, wala kuanzia katikati ya Desemba. Usiku baada ya tarawehe mji huwa macho, watu wanakwenda Marikiti na Biashara Street kununua, na dereva yuko kwenye mapato yake ya mwaka. Desemba wageni wa bara wamejaa Bamburi. Mtu akikuta kitufe cha kulipia kimehamishwa wakati ule, hatakisaka. Atalipa taslimu, na atazoea kulipa taslimu.

Sasa nikusimulie kosa langu, kwa sababu wewe uko mlangoni pake.

Nilikuwa nasimamia programu ya stoo kwa wenye maduka ya jumla. Nilichapa karatasi nzuri, miezi kumi na miwili, kila mwezi na kipengele chake, nikawagawia wateja wetu mkono kwa mkono. Julai iliandikwa: *kusimamia stoo mbili kwa pamoja*. Mmoja wa wateja wale, mzee mwenye duka la unga na mchele, alikuwa na nia ya kufungua stoo ya pili Kongowea. Alipoiona Julai akatoa amana, akapanga. Julai ikafika, sisi hatukuwa tumefika hata nusu. Mzee yule aliandika daftari mbili kwa mkono, yeye na mwanawe, mpaka Desemba. Nilipokwenda kumtaka radhi hakunikaripia. Alifungua droo ya pesa akatoa karatasi yangu, imekunjwa mara nne, akaiweka juu ya kaunta.

Kwangu karatasi ile ilikuwa makadirio. Kwake ilikuwa ahadi. Na hakuna popote juu yake palipoandikwa ni ipi kati ya hizo mbili. Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba nilijua tangu Mei. Mafundi waliniambia Mei kwamba Julai haitawezekana, nami nikanyamaza miezi miwili nikitumaini. Ningemwambia Mei angengoja, au angeajiri karani. Niliogopa aibu ya siku moja, nikampa yeye taabu ya miezi mitano.

Mama yangu angalijua la kufanya. Alipoona nguo haitawahi, alinituma mimi, mtoto, nikamwambie mwenyewe nyumbani kwake kabla hajavaa buibui kuja kuichukua. Nilikuwa nachukia safari zile. Nilikuwa nasimama mlangoni nikisema, "Mama asema ya Fulani itakuwa keshokutwa, asema umuwie radhi, na kama huwezi kungoja nimerudi na kitambaa." Sikumbuki hata mmoja aliyekuja kugomba.

Kwa hiyo risiti za Oktoba. Usingoje kikao. Mpigie mwenyekiti umwombe robo saa, mwende mkanywe kahawa pahali pa faragha, umwambie: tuliahidi, hatukutimiza, na tulikosea kutokuja kukwambia mapema. Halafu muulize risiti ile ilikuwa ya kazi gani. Nakisia ni kwa sababu kuna wenye vyombo wasioamini ujumbe wa simu, au ana mwandishi wa vitabu anayetaka karatasi za kubandika. Kama ni hilo la pili, mwisho wa mwezi taarifa moja ya kurasa mbili itamtosha, na hiyo mwaweza kuitengeneza kwa wiki mbili. Ikiwa hamtazitengeneza risiti kabisa, sema hamtazitengeneza. Mwenyekiti atakasirika jioni ile. Kuendelea kumwambia "zinakuja" ndiko kunakomfanya awakumbushe kila kikao.

Tena mfikirie yeye kidogo. Kila mwezi anasimama mbele ya wanachama wanaomuuliza, "Wale vijana wako wamefikia wapi?" Anataka tarehe kwa sababu hana kingine cha kusema. Mpe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, maandishi makubwa, wenye mahali patatu, na juu yake ile sentensi ya hesabu isiyobishaniwa. Juu kabisa weka siku mlipouandika, na siku mtakayompa mwingine. Ukurasa wa zamani wa mpango hauna tofauti na gazeti la jana, mtu akiutumia kuamulia jambo utamponza. Na kilichobadilika tangu ukurasa uliopita kiandikeni pia, pamoja na sababu yake, msikifute kimyakimya.

Bwana wa Nairobi usimpe ukurasa huo, wala usimpe yale 41. Miaka mitatu hakuna aijuaye, naye ajua hivyo. Anapima kama mmefikiri. Mweleze mnaloamini na kinachoweza kuliangusha: kwamba wenye vyombo watalipia amani ya kutobishana, kwamba mtaanzia Mombasa kabla ya kwenda Malindi na Kilifi, na kwamba kama madereva hawaitaki hakuna kitu. Kisha mwambie mnakotazama mbali. Mimi ningetazama huku: dereva aliyelipa hesabu mwaka mzima bila kukosa, na kumbukumbu zake ni zake, ana ushahidi mkononi wa kwenda kuombea mkopo wa tuktuk yake mwenyewe. Leo akienda kwa mkopeshaji anakwenda na mdomo mtupu.

Hilo bado liko mfukoni, mwanangu, usimwahidi dereva yeyote. Lakini utakapokaa nao chini ya mwarobaini, mmoja akikuuliza, "Na sisi je, tuna nini ndani ya hii?", mwambie mnalitazama, na mmwambie linangoja nini.

*

*Shangazi, shikamoo. Nafanya kazi Nyali kwenye kampuni ndogo ya programu ya kuwekea nafasi za hoteli. Bosi wetu kila Jumatatu huja na jambo jipya alilosikia kwa mteja mwishoni mwa wiki, na lile la Jumatatu iliyopita linaachwa. Mwezi uliopita tulianza mambo matatu, hatukumaliza hata moja. Tukisema, anatuambia sisi ni ajaili ("agile", ule mtindo wa kutengeneza programu kidogo kidogo na kubadilika njiani), hatufungwi na mpango. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?*

*Fundi mchovu, Nyali*

Marahaba binti yangu. Pole kwa uchovu, nao nauamini.

Bosi wako ametaja jambo kubwa akalikata nusu. Tamko la ajaili liliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana milimani Utah, Marekani. Ni kweli limeweka kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango. Lakini mwisho wake lasema pia kwamba hayo yaliyowekwa nyuma yana thamani. Hawakutupa mpango. Na katika kanuni zao walisisitiza kutoa programu inayofanya kazi, mara kwa mara, kila baada ya wiki chache hadi miezi michache, na muda mfupi ndio bora. Kampuni iliyoanza matatu ikamaliza sifuri haijalifuata tamko lile hata kidogo.

Usimwambie hivyo mbele ya watu. Mfuate faraghani, na usiende na lawama, nenda na karatasi. Andika wiki nane zilizopita: Jumatatu hii tulianza nini, tuliacha nini, kilibaki siku ngapi kumalizika. Mwache aisome mwenyewe. Mara nyingi mtu wa namna hii si mkaidi. Anawapenda wateja wake, na hajawahi kuona gharama ya kupenda kwake ikiwa imepangwa mstari kwa mstari.

Kisha mwombe jambo moja tu. Akija na jipya, kabla hamjaligusa, aseme lipi lishuke. Yeye aseme, si wewe. Cherehani hushona kitambaa kimoja. Kikiingia cha pili lazima cha kwanza kitolewe, na kitolewe kwa mkono wa mwenye duka. Utashangaa mara ngapi atasema, "Basi tumalizeni hili kwanza." Na lile alilolileta liandikeni, pamoja na jina la hoteli iliyoliomba, msilidharau. Likiombwa na hoteli ya tatu, mtajua lilikuwa kweli.

Akikataa hata hilo, niandikie tena, tutazungumza mengine.

*

*Salaam aleikum dada yangu. Nauza programu ya simu kwa vyama vya akina mama, ya michango na mikopo yao. Toleo jipya kubwa laja, nadhani baada ya miezi sita hivi. Mwezi ujao kuna mkutano wa vyama vingi pale Tononoka nami nimepewa dakika kumi za kusema. Nataka nilitangaze toleo hilo kwa kishindo. Mpwa wangu asema ninyamaze kabisa, wenzangu wataniibia. Wewe wasemaje?*

*Mama wa vyama, Tudor*

Waaleikum salaam dada. Mpwa wako amekupa shauri zuri kwa sababu isiyo yake.

Wenzako hawatakuibia kitu kwa kukusikia dakika kumi. Kazi iko katika kulitengeneza. Hatari yako ni ukumbi uleule. Mwaka 1981 Adam Osborne, Marekani, alianza kuuza kompyuta ya kubebeka, kama kilo 11, kwa dola 1,795, nayo ikapendwa sana. Mapema mwaka 1983 habari za kompyuta zake mpya zilizo bora zaidi zikaenea kabla hazijafika madukani. Wenye maduka wakaacha kuagiza ile iliyopo, na Septemba mwaka uleule kampuni ikafilisika. Wapo wasemao kulikuwa na sababu nyingine pia, na nawaamini, lakini jina lake limebaki mpaka leo kwa kosa hilo. Wewe ukisema pale Tononoka kwamba la miezi sita ni zuri mno, kila mwekahazina aliyekuwa tayari kujiunga jioni ile atakwambia, "Basi tutangoja hilo." Na miezi sita hiyo utaishi kwa nini?

Waliokwisha kununua ni jambo jingine. Hao wastahili kujua, na wajue kwa mdomo wako. Waite kando, au wapigie mmoja mmoja: kumbukumbu zenu zote zitahamishwa, hamtalipa mara mbili, na mwanachama mwenye simu ya vitufe hataachwa nje. Kama mojawapo ya hayo hujalihakikisha na mafundi wako, lihakikishe kwanza. Mwekahazina anayesimamia pesa za wanawake thelathini hana haja ya kishindo, ana haja ya kujua daftari halitapotea.

Dakika zako kumi zitumie kwa ile uliyo nayo. Chukua chama kimoja kinachoitumia, mwekahazina wao asimame aonyeshe mkopo ulivyoombwa Jumatatu na ulivyorudi. Toleo jipya litangaze likiwa limo kwenye simu yako, umpe simu mama aliyeketi mstari wa mbele, aligonge mwenyewe.